Chifu Wetu Yuko Ng'ambo ya Kijito

Mimi ni mtu wa makaratasi. Miaka kumi na tisa sasa nashinda Kilindini nikiwatolea watu mizigo bandarini, na ukinionyesha hati yenye mihuri mitatu nitakwambia upi ulitangulia kugongwa na upi uligongwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Kwa hivyo mamangu aliponituma Taita nikamletee barua ya chifu, niliiona ni kazi ya kutwa. Alfajiri naondoka Mwembe Tayari, mchana nala kwa mjomba, magharibi nishafika Majengo nanywa kahawa chungu barazani. Nilirudi siku ya nne, makubadhi yamekatika, na barua yenyewe, hiyo ntaieleza mbele.

Babangu ni mtu wa Mombasa, mamangu ni Mdawida, yaani Mtaita wa milima ya Dawida. Alishuka kutoka Wundanyi angali msichana, akaolewa, akasilimu, akajua kupika pilau ya harusi hadi majirani wakasahau kwamba hakuzaliwa hapa. Babu mzaa mama alifariki zamani, lakini shamba mpaka leo lina jina lake. Sasa mjomba mkubwa amezeeka, naye ameona afadhali mirathi ishughulikiwe yeye yupo, maana ndiye pekee anayejua mpaka uko kwenye mti upi na upi uko kwenye jiwe lililokwisha kubiringika. Mahakamani hawakupokei bila barua ya chifu inayotaja warithi wote wa marehemu. Ukiwa nayo ndipo faili inafunguliwa, tangazo linatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, watu wanapewa siku 30 za kupinga, na hata ukishapewa hati ya usimamizi bado unangoja miezi 6 kabla ugawaji haujathibitishwa. Mlolongo wote huo unaanzia kwa mtu mmoja, kwenye ofisi moja ya mabati, kilimani.

Njia ya Voi kila mtu wa Mombasa anaijua, japo wengi wetu twaijua kwa kulala. Mazeras, Mariakani, Samburu, Taru, halafu ule msikiti wa Mackinnon Road. Safari hii sikulala kwa sababu karibu nami alikaa mzee mmoja wa Bura, kofia ya sufu kichwani kwenye joto lile la Taru, naye alikuwa msemaji. Tulipopita Mackinnon Road akanigusa bega. "Hapa unapoona, Kwale wanasema pao, na sisi tunasema petu." Nikamuuliza na upande ule mwingine, Mtito Andei? Akacheka. Kule nako, akasema, ugomvi ni huo huo, ila na Makueni. "Sisi mipaka yetu inalala kwa majirani."

Baada ya Maungu, mkono wa kushoto, akanionyesha Kasigau: mlima mmoja umesimama peke yake nyikani, mita 1,641, kama meli iliyotia nanga mbali. Mbele kidogo, karibu na Voi, Sagalla. Halafu nyuma kabisa, samawati juu ya samawati, Dawida.

Hapo ndipo ramani niliyokuwa nayo kichwani ilipoanza kunipotosha. Mimi siku zote nilidhani milima ya Taita ni safu moja, kwamba ukishaipanda uko "juu" na mambo yamekwisha. Kumbe ni visiwa. Dawida ni kisiwa, Sagalla ni kisiwa, Kasigau ni kisiwa, na bahari iliyo kati yao ni nyika ya miiba, udongo mwekundu na tembo. Mtu wa Mombasa ukimwambia kisiwa anaelewa upesi kuliko ukimwambia mlima. Anajua kwamba kuona ng'ambo si kufika ng'ambo.

Na upepo ni ule ule wetu. Kusi inayotupoza sisi Julai na kuwachafulia wavuvi bahari, ndiyo hiyo hiyo inayopita juu ya Taru bila kumwaga hata tone, ikaenda kugonga Dawida, ikalazimika kupanda, ikapoa, ikawa ukungu. Upande unaotazama bahari umelowa, migomba imenona, mawe yana ukoga. Zunguka upande wa pili wa mlima huo huo, ukauke. Wataalamu wanaihesabu Taita kuwa ncha ya kaskazini ya Milima ya Tao la Mashariki, ile ile ya Usambara na Uluguru kule Tanzania, na hapa Kenya hatuna mingine. Kilele cha juu ni Vuria, mita 2,208, na ukikitafuta usiangalie jiwe, angalia milingoti ya mawasiliano.

Kutoka Voi unapinda kwenda Mwatate, na kutoka Mwatate unapanda Wundanyi. Sina maneno ya kuzieleza zile kona. Dereva alikuwa anaongea na simu. Nilisoma Kursi mara tatu.

Wundanyi nilifika adhuhuri. Baridi ya Julai, watu wamevaa makoti, mimi nina kanzu nyepesi na makubadhi. Nikaona kibao cha ofisi ya wadi, nikasema alhamdulillahi, kazi imekwisha. Kijana niliyemkuta ndani alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba yeye ni wa serikali ya kaunti, na barua ya warithi ni ya chifu, na chifu ni wa serikali ya kitaifa. "Hapa tunaweza kukusaidia na bomba la maji," akasema.

Nami nilikuwa najua haya! Mombasa pia tuna gavana na tuna kamishna wa kaunti. Lakini mjini serikali hizo mbili hukaa mbalimbali, unazikuta moja moja, ukiwa na shida ya leseni ya biashara waenda kule, ukiwa na shida ya kitambulisho waenda huku. Kilimani zimebanana kwenye kijia kimoja. Upande mmoja kuna gavana, kisha msimamizi wa kaunti ndogo, kisha msimamizi wa wadi, na pembeni yao mwakilishi wadi ambaye amechaguliwa na anaweza kupigiwa kelele. Upande wa pili kuna kamishna wa kaunti, naibu wake wa kaunti ndogo, kamishna msaidizi wa tarafa ambaye wazee bado wanamwita DO, chifu wa lokesheni, naibu chifu wa kata ndogo, halafu mzee wa kijiji, ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi bila mshahara na ndiye anayejulikana kuliko wote. Ngazi mbili zimeegemezwa kwenye mlima mmoja, na vidato vyake havilingani: mipaka ya wadi si lazima iwe mipaka ya lokesheni. Karo ya mtoto ina fomu mbili, ya mbunge na ya kaunti. Barabara kubwa ina mwenyewe, barabara ndogo ina mwenyewe mwingine, na ile njia ya miguu inayoteremka hadi kwa mjomba haina mwenyewe kabisa isipokuwa mvua.

Mjomba alinipokea mlangoni na blanketi begani. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mwanangu. Umepitia wapi?" Nikadhani anauliza kuhusu safari. Nikamweleza Voi, Mwatate. Akatikisa kichwa. "Hapa, nyumbani. Umeshukia njia ya juu au umevuka maji?" Nikamwambia nimevuka kijito. Akamtazama mkewe, mkaza mjomba naye akanitazama miguu, akaenda kuniletea maji ya moto.

Usiku ule ndipo nilipopata somo, na sitadai nililielewa lote. Tulikaa jikoni, moto wa kuni, sahani ya kimanga, yaani mihogo na maharagwe vimepondwa pamoja mpaka vikashikana. Nilikuwa nimewaletea halua na mahamri. Mahamri yalikwisha kabla sijaketi, halua wakaiweka ya wageni. Mjomba akachukua ukuni akachora kwenye majivu. Huu mgongo wa kilima. Hili bonde. Hiki kijito. Watu wa mgongo huu ni wamoja, wana msitu wao mdogo wa mababu, fighi, ambao hata leo hukati mti wake ovyo. Watu wa mgongo ule ni wengine, na wao wana wao. Waingereza walipotunga sheria ya wazee wa vijiji mwaka 1902 na kuanza kuweka watu wao, walikuta mlima umeshajigawa kwa migongo na mabonde. Wakachora mistari yao juu ya ile iliyokuwapo, pengine sawasawa, pengine wakakosea. "Pale walipokosea," mjomba akasema, "ndipo chifu anapochoka."

Zamani, akaendelea, kila familia iliyojiweza ilikuwa na kipande juu na kipande chini. Juu unapanda ndizi na mboga, chini nyikani unapanda mtama na kuchunga. Mwaka ukiwa mbaya juu, chini huenda pakakuokoa. Hilo limeacha alama yake hata kwenye majina ya wadi. Kaunti ndogo ya Wundanyi ina wadi nne: Wundanyi/Mbale, Mwanda/Mgange, Wumingu/Kishushe na Werugha. Angalia hiyo mikwaju, ile mistari ya mshazari kati ya majina. Tatu kati ya nne ni ndoa za majina mawili, na Werugha peke yake ndiyo isiyoolewa. Wumingu wako juu kwenye ukungu, Kishushe wako chini kwenye joto, kwenye machimbo ya chuma, jirani na hifadhi. Mwakilishi wao ni mmoja. Asubuhi anaombwa kalivati kwa sababu barabara imeporomoka, mchana anaombwa awapigie simu watu wa wanyamapori kwa sababu tembo amelala shambani. Mimi nikipewa kazi hiyo nitaomba koti na kikoi.

Nilipofika nyumbani nilikaa na hesabu, maana ni ugonjwa wangu. Kaunti ya Taita-Taveta ina kilomita za mraba 17,084. Mombasa yetu yote, kisiwa na bara, ingeingia mle zaidi ya mara 70. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671 kule, na sisi huku 1,208,333. Sisi tuna kaunti ndogo 6 na wadi 30. Wao 4 na wadi 20. Ukisikia hivyo utasema wana nafasi ya kutupa mpira. Wapi! Takriban asilimia 62 ya ardhi hiyo ni mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Toa mbuga, toa mashamba makubwa ya mkonge na ranchi, halafu angalia kilichobaki cha mtu kupanda kunde. Ndio maana kilimani shamba ni ngazi juu ya ngazi, matuta hadi karibu na kilele, na ndio maana ile misitu ya asili imebaki viraka. Msitu wa Ngangao, unaosifiwa kuwa mmoja wa mikubwa, ni kama hekta 120 tu. Kuna ndege mle, apalisi wa Taita, ambaye haishi popote pengine duniani. Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, kimeweka hata kituo cha utafiti Wundanyi. Mjomba anawaheshimu wale Wafini kwa sababu wanapanda milima bila kulalamika. Alinitazama aliposema hivyo.

Taveta sikufika, iko mbali ng'ambo ya Tsavo Magharibi, chini ya Kilimanjaro, na watu wake wana mambo yao. Naitaja kwa sababu wao pia ni wa kaunti hii hii, na mtu wa Taveta mwenye shughuli makao makuu inabidi aivuke nyika yote.

Na makao makuu ni wapi? Hilo nalo ulizia ukiwa umekaa. Mji mkubwa ni Voi: reli, Mahakama Kuu, biashara. Makao makuu ya kaunti ni Mwatate. Bunge la Kaunti linakaa Wundanyi, ambako ndiko alikokaa DC, mkuu wa wilaya, enzi zile. Gavana chini, bunge juu, pesa njiani. Mwaka 2019 Gavana Samboja na wawakilishi waligombana juu ya bajeti hadi gavana akaanza kutafuta saini za wananchi ili kaunti ivunjwe. Wawakilishi nao wakapiga kura ya kumng'oa, na Seneti ikamnusuru. Nilimuuliza mjomba alikuwa upande gani. Akasema, "Upande wa barabara ya kupitisha kabichi."

Zamani, kabla ya kaunti, wilaya hii ilikuwa chini ya Mkoa wa Pwani, na Mkuu wa Mkoa alikaa Mombasa, kwenye jumba la Uhuru na Kazi. Jambo likiwa zito, faili ilishuka. Mjomba anakumbuka babu akishuka na faili yake chini ya kwapa, akilala kwa jamaa, akirudi baada ya wiki na mkate wa mofa na jibu la "njoo tena". Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo, akasema, kupanda kutoka Mombasa kuja kutafuta karatasi mlimani. Akalifurahia hilo sana.

Halafu akanipiga la maji. Nilijua litakuja. Chemchemi za Mzima, ambazo bomba lake limekuwa likileta maji Mombasa tangu miaka ya 1950, ziko ndani ya Tsavo Magharibi, ndani ya kaunti hii. Mvua inanyesha Chyulu, inazama kwenye mawe ya volkano, inasafiri chini kwa chini, inaibukia Mzima, safi kama machozi, halafu inaingia bombani na kuteremka kilomita mia mbili na ushei hadi kwetu, ikipita karibu na watu wanaochota kwenye mabwawa na ng'ombe. Mjomba hakusema kwa hasira. Alisema tu, "Ukioga huko, nikumbuke." Sikuwa na uso wa kumwambia kwamba Majengo mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki, na siku nyingine tunanunua ya mkokoteni. Nikawaza, sasa haya maji yanafika kwa nani?

Asubuhi ya pili mtoto wa mjomba alinipeleka kwa naibu chifu. Ofisi ilionekana kutoka uani: bati la kijani, mlingoti wa bendera, hata kuku waliokuwa mlangoni niliwaona. Ukisimama feri upande wa mjini unavyoiona Likoni, ndivyo nilivyoiona. Ilituchukua saa nzima na robo. Unateremka mpaka chini kabisa kwenye kijito, unavuka kwa mawe matatu, la nne halipo, kisha unaupanda ukuta. Huko kwenye mawe ndiko kubadhi la kulia liliponiaga. Nikapanda nusu peku, napumua kama mzee wa punda.

Naibu chifu alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, koti limefungwa vifungo vyote. Akauliza shamba liko wapi. Binamu akaashiria tulikotoka. Akasimama, akaja mlangoni, akatazama ule mgongo wa pili kama anauona leo kwanza. "Ninyi ni wa kule," akasema. "Mpaka wangu ni maji." Naibu chifu wetu sisi yuko wapi? Yuko mafunzoni, harudi wiki hii. Nani anamkaimu? Akajikuna shingo. Nadhani ni mimi, akasema, lakini sijapata barua. Nikamtazama mtu yule kwa huruma kubwa, maana nimewahi kukaa siku sita na kontena langu bandarini kwa sababu hiyo hiyo: mwenye muhuri hayupo, na anayemkaimu hajapata barua. Urasimu ni mmoja, bahari na mlima.

Tukarudi. Kuteremka, mawe matatu, ukuta. Mjomba alikuwa ameketi nje, ametuona safari nzima, kwenda na kurudi, kama mtu anayetazama mpira.

Siku ya tatu tulikwenda kwa chifu mwenyewe. Alikuwa na baraza chini ya mti wa mgrevilea, watu kama arubaini, mada ni mifereji ya maji na vijana wanaovuta bangi. Tulingoja hadi saa nane. Ofisi yake ina benchi moja, kalenda ya duka la pembejeo, picha ya Rais, na kabati ambalo mlango wake unafungwa kwa kipande cha waya. Mjomba naye alikuwa amekuja, kwa njia ya juu ya msituni, na alifika kabla yetu na hajatokwa jasho.

Chifu akachukua kalamu. "Watoto wa marehemu." Mjomba akataja wa kwanza, yeye mwenyewe. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Kimya. Chifu hakuinua kichwa. "Na wasichana?" Mjomba akakohoa. "Wameolewa." Chifu akaweka kalamu chini, akasema bila kupandisha sauti kwamba sheria ya mirathi haimuulizi mtoto ameolewa wapi, inamuuliza amezaliwa na nani, na kwamba barua yenye majina nusu akiitia sahihi yeye, hakimu atamwita yeye aende kueleza. Mjomba akanitazama, nami nikaangalia kalenda ya pembejeo. Ndipo akawataja dada zake watatu, mmoja mmoja, kwa majina ya utotoni ambayo sikuwahi kuyasikia. La mamangu lilikuwa la tano kwenye orodha. Ilinipita kitu moyoni kusikia kwamba aliwahi kuitwa hivyo.

Chifu akapiga simu, nikamsikia akimwambia yule naibu wa ng'ambo kwamba ndiyo, ni wewe unayekaimu, waandikie watu, mimi nitaidhinisha. Kwa hiyo kijito tena! Safari hii nilivaa viatu vya mvua vya binamu, vikubwa kama jahazi. Bwana yule akatoa fomu yake, akaandika kwa mwandiko mzuri wa shule ya zamani, akagonga muhuri. Tukarudi kwa chifu kesho yake asubuhi, akatia sahihi na muhuri wake. Nikaikagua barua kama ninavyokagua hati za bandarini: tarehe, sawa, namba ya kitambulisho cha marehemu, sawa, majina saba, herufi kwa herufi, sawa, sahihi mbili, mihuri miwili, wino haukuchuruzika. Nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha ya plastiki. Nilijiona bingwa.

Mkaza mjomba alinipa maparachichi ishirini na miwa minne ambayo kondakta alinitoza nauli yake.

Nilifika Majengo baada ya isha. Mama alikuwa ukumbini, leso mabegani, hajalala. Akaanza na maparachichi, akayabonyeza moja moja na kuyapanga kwa tarehe ya kuiva. Kisha akanyoosha mkono. Akavaa miwani, akasoma polepole kwa kidole. Alipofika kwenye jina la tano kidole kilisimama, kikakaa pale muda. Nilidhani atalia. Hakulia. Kidole kikapanda juu ya karatasi, mstari wa pili, pale fomu inapotaja kata ndogo.

"Nani kakuandikia?"

"Kaimu, mama. Yule wa ofisi ya bati la kijani."

Akavua miwani. "Huku si kwetu," akasema. "Huku ni ng'ambo."

Nikaichukua. Ni kweli. Bwana wa watu alitumia fomu yake mwenyewe, yenye jina la kata ndogo yake limepigwa chapa juu, na muhuri wake chini nao unasema hivyo hivyo. Kwenye karatasi ile babu yangu aliishi, akalima na akafa upande wa pili wa maji. Mimi mtu wa makaratasi niliusoma mstari ule mara nne na haukuniambia kitu, kwa sababu kwangu mimi yale yalikuwa majina mawili tu ya mahali pamoja.

Naondoka tena Jumatatu. Mama amenisisitizia nishukie njia ya juu, ya msituni, nisivuke maji.